Mtoto anaogopa sindano? Anza kwa kuacha kumwambia haiumi

Niseme ukweli kwanza, mambo yote mabaya nitakayowakataza hapa chini mimi mwenyewe nimeyafanya. Binti yangu alikuwa na miaka minne na miezi, nikampeleka chanjo, njia nzima namwambia tunaenda kumsalimia daktari tu, tulipofika mlangoni nikabadilisha kidogo nikamwambia kuna kasindano ila hakaumi kabisa ni kama kuumwa na mbu, na yeye alipomwona nesi anavuta dawa kwenye bomba akachomoka mapajani mwangu kama sabuni, akaingia chini ya kitanda na kukumbatia mguu wa kitanda kwa mikono miwili. Tulimtoa watu wazima watatu. Mmoja miguu, mmoja mikono, mimi kichwa. Sindano yenyewe ilikuwa sekunde mbili, tuseme tatu, lakini sisi tulimuumiza dakika kumi nzima, na baada ya hapo ikawa akiona mtu yeyote mwenye koti jeupe analia, hata kinyozi.

Kwa hiyo hii sio ya kitaalamu sana, ni ya mzazi aliyeharibu akalazimika kujifunza kutengeneza, nikasoma, nikauliza manesi, nikajaribu. Kuna vitu vinasaidia kweli na kuna vingine tunafanya kwa sababu wazazi wetu walifanya.

Tuanzie nyumbani, kabla hata siku haijafika

Kitu cha kwanza ni kufuta ile sentensi ya "ukikataa kulala nitamwita daktari akuchome sindano". Jamani tunaisema sana, tena kwa utani, na wageni wanacheka. Sasa mtoto ameambiwa mwaka mzima kwamba sindano ni adhabu, siku moja unamwambia sindano ni kitu kizuri cha kumlinda asiugue, unategemea akuelewe vipi? Yeye anajiuliza amekosa nini. Bibi, shangazi, dada wa kazi, kaka zake wakubwa, wote waambiwe waache, maana ukiacha peke yako na wengine wanaendelea hujafanya kitu.

Cha pili ni lini umwambie. Mtoto wa miaka miwili ukimwambia Jumatatu kwamba Alhamisi anachomwa sindano umempa siku tatu za kuogopa bure, hajui hata Alhamisi ni lini. Huyo mwambie siku hiyo hiyo, muda mfupi kabla ya kutoka. Wa miaka minne mpaka sita jana yake jioni au asubuhi yake inatosha, inategemea na mtoto, kuna wanaokesha na mawazo. Wa miaka saba kwenda juu mpe siku kadhaa, kwa sababu huyo atakuwa na maswali na anahitaji muda wa kuyauliza mara tatu tatu. Ila usimpeleke bila kumwambia kabisa. Najua inavutia, safari inakuwa ya amani mpaka mlangoni, lakini gharama yake utailipa safari ijayo, na hiyo safari ijayo hata ukimpeleka kupimwa macho hatakuamini.

Sasa umwambie nini. Maneno mafupi, ya kweli, bila hotuba. Mimi nasema hivi: "Kesho utachomwa sindano moja, hapa begani. Utasikia inakubana au inachoma kidogo, muda wa kuhesabu mpaka tano, alafu imeisha. Nitakuwa nimekupakata muda wote." Akiuliza itauma, usikwepe. "Inaweza kuuma kidogo, watoto wengine wanasema kama kufinywa, wengine wanasema hawakusikia sana, wewe utaniambia ilikuwaje." Hiyo sentensi ya mwisho naipenda sana kwa sababu inampa kazi, anaingia mle ndani kama mtu anayeenda kuchunguza kitu.

Na kama anapenda kujua vitu vinavyofanya kazi, mwonyeshe. Sindano ya chanjo ya kawaida unene wake ni karibu nusu milimita tu, mchoree nukta kwa kalamu ya wino kwenye karatasi uone atakavyoshangaa. Kichwani kwake ilikuwa kama msumari.

Mchezo wa daktari, usiudharau

Chukua mwanasesere au dubu wake na lile bomba la plastiki la kupimia dawa ya maji, lisilo na sindano, pamba na plasta. Mwache yeye awe nesi. Usimfundishe, kaa pembeni utazame tu kwa dakika tano.

Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilijisikia vibaya mpaka leo nikikumbuka. Binti yangu alimlaza mwanasesere chali, akamkalia kifuani, akamshika mikono yote miwili akawa anamfokea "tulia! nimesema tulia! haiumi!" Sauti ilikuwa yangu kabisa, mpaka ile "nimesema". Yaani nilikuwa natazama video yangu mwenyewe.

Baada ya hapo tukaanza kuucheza upya taratibu. Mwanasesere anapakatwa badala ya kulazwa. Nesi anamwambia kabla ya kufanya. Wanapaka pamba yenye maji baridi, wanahesabu pamoja, bomba linagusa mkono, plasta, imeisha. Tukabadilishana, akanichoma mimi, nikasema "aah, imenibana kidogo, imeisha" bila kuigiza sana. Wiki nzima, kila jioni, dakika chache. Huo mchezo ndio uliofanya kazi kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha yangu, na haujanigharimu kitu.

Krimu ya ganzi, watu wengi hawajui kama ipo

Hii inaniuma kwa sababu nilikuja kuijua nimeshachelewa. Kuna krimu ya kupaka kwenye ngozi inayotia ganzi, ina dawa mbili ndani yake, lidokeini na prilokeini, unapaka kidogo mahali sindano itakapoingia, unafunika kwa plasta ya plastiki ile inayozuia hewa, unasubiri kama saa nzima, dakika 60, ndipo ngozi inakuwa imelala. Watu wanaopaka dakika kumi kabla alafu wanasema haifanyi kazi, kosa sio la krimu.

Mambo ya kuzingatia. Uliza mfamasia au nesi kiasi gani kwa umri na uzito wa mtoto wako, hasa kama ni mchanga, maana ikizidi kwa mtoto mdogo ina madhara kwenye damu, sio kitu cha kupaka tu kama losheni. Uliza pia sindano itaingia wapi, kwa kawaida mtoto chini ya mwaka mmoja anachomwa pajani kwa mbele upande wa nje, wakubwa wanachomwa begani, sasa ukipaka bega la kushoto nesi akachoma la kulia umefanya kazi bure. Sindano mbili, paka sehemu mbili. Ngozi ikiwa nyeupe kidogo au nyekundu hapo ulipopaka usishtuke, inatokea, itarudi. Na mwambie mtoto ukweli kwamba ganzi inalaza ngozi ya juu tu, msuli wa ndani bado utasikia kusukumwa, ili akisikia asiseme umemdanganya tena.

Kuna na dawa ya kupuliza ya baridi, hiyo inafanya kazi papo hapo lakini inaisha ndani ya dakika moja hivi, nesi anapuliza anachoma hapo hapo. Watoto wadogo wengine ubaridi wenyewe unawatisha kuliko sindano, kwa hiyo pima.

Kuhusu kumpa panadoli kabla ya kwenda ili asisikie maumivu, hapana. Haizuii maumivu ya sindano kuingia. Kama wahudumu wa chanjo fulani wamekuambia umpe, fuata walivyosema, vinginevyo subiri, akipata homa au mkono ukimuuma baadaye ndio unampa kwa kipimo chake.

Kuongea na nesi, na hapa wengi tunaona aibu

Tukiingia mle ndani tunakuwa wadogo, hata sisi wazazi. Nesi akisema mlaze tunamlaza, akisema mshike miguu tunashika. Foleni ni ndefu, amechoka, hutaki kuonekana msumbufu. Naelewa. Lakini mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yake ya kupunguza maumivu ya chanjo, na mengi ni vitu vidogo visivyoongeza hata dakika moja: mzazi awepo, mtoto akae wima badala ya kulazwa chali, nesi asivute nyuma bomba kuangalia damu kabla ya kusukuma dawa (ile tabia ya zamani, inaongeza muda sindano ikiwa ndani), na kama kuna chanjo mbili tatu siku moja, ile inayouma zaidi iwe ya mwisho. Kwa hiyo ukiomba hauombi upendeleo.

Omba kwa adabu na kwa kifupi. "Samahani nesi, huyu anaogopa sana, naomba nimpakate, na naomba utuambie ukiwa tayari ila usimwambie haiumi." Mimi sijawahi kukataliwa. Mmoja tu alinyanyua nyusi, akasema haya, alafu akafanya. Omba pia dawa ivutwe akiwa amempa mtoto mgongo, ile dakika ya kutazama sindano inaandaliwa ndiyo inayopandisha mzuka wote.

Wakati mnasubiri kwenye benchi, kama unaweza, mkae mbali na mlango ambao vilio vinatokea. Hii ni ndogo lakini mtoto aliyesikia watoto sita wanalia kabla yake ameshaingia amekata tamaa.

Jinsi ya kumshika

Kuna tofauti kubwa kati ya kumpakata na kumkaba, japo kwa mbali vinafanana. Mtoto akilazwa chali na watu wakamwinamia kutoka juu anahisi hana mamlaka yoyote, hofu inapanda mara mbili. Akikaa wima kifuani kwako anahisi amekumbatiwa.

Mtoto mchanga anayenyonya, mnyonyeshe. Anza dakika chache kabla, aendelee wakati sindano inaingia na baada yake, ngozi kwa ngozi kama inawezekana. Watu wanaogopa kwamba atapaliwa au atachukia ziwa, ila ndiyo njia inayopendekezwa kwa umri huo na ukiijaribu utashangaa jinsi kilio kinavyokuwa kifupi.

Wa mwaka mmoja mpaka kama minne, mkalishe akutazame wewe, miguu yake inapita pembeni mwa kiuno chako, kifua kwa kifua, mkono wake mmoja unapita chini ya kwapa lako unamzunguka mgongoni kwako, ule wa kuchomwa unaushika wewe taratibu juu ya kiwiko na kwenye kifundo. Nesi anapata bega limetulia na mtoto anapata shingo ya kuficha uso. Mkubwa kidogo anakaa pembeni kwenye paja lako moja, au peke yake kwenye kiti akiwa amekushika mkono. Mwambie mkono wa kuchomwa auachie uning'inie kama kitambaa kilicholowa, kwa sababu msuli uliokazwa unauma zaidi. Huyo wa shule mwulize tu: "unataka kukaa kwangu au kwenye kiti?" Vichaguzi vidogo vidogo vinasaidia mno, mkono upi, plasta ipi, unatazama au hutazami, tunahesabu kwenda juu au kurudi chini. Usimwulize kama anataka sindano, hilo jibu unalijua, na akisema hataki alafu akachomwa umemfundisha kwamba maswali yako ni ya uongo.

Kumchukua akili

Mapovu ya sabuni kwa watoto wa miaka mitatu mpaka sita ni kama dawa. Siyo kutazama mapovu tu, yeye ndiye apulize, kwa sababu ili povu litoke kubwa lazima apumue nje polepole kwa muda mrefu na hiyo pumzi ndefu ndiyo inayomtuliza, hajui kwamba anatulizwa. Kama huna mapovu tumia feni ya karatasi, au mwambie azime kidole chako kama mshumaa, na kidole kiwe kibishi, kinazimika kinawaka tena.

Simu pia, sina aibu, hapa sio mahali pa kubishana kuhusu muda wa skrini. Ila achague video mwenyewe mkiwa nyumbani na uipakue kabisa, maana intaneti ikigoma wakati nesi ameshapaka pamba umekwisha. Na mwanzishie mapema, dakika mbili tatu kabla, ukimwekea katuni sindano ikiwa imefika begani haoni chochote.

Wakubwa wanapenda maswali ya kijinga. Kama twiga angekuwa na simu angeiweka wapi? Taja majina yanayoanza na herufi Z. Au kukohoa, hii inafanya kazi kwa watoto wa shule: anakohoa mara moja kama mazoezi, alafu anakohoa tena na nesi anachoma kwenye kikohozi hicho cha pili. Lazima nesi aambiwe kabla lakini.

Na kuna kusugua. Sugua au bonyeza kwa kidole karibu na mahali pa sindano kwa sekunde kama kumi kabla, sio pale penyewe palipopanguswa, juu yake kidogo. Ukijigonga kiwiko si unakisugua bila kufikiri? Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba uti wa mgongo una kama geti, hisia za kuguswa zikipita nyingi zinabana njia ya hisia za maumivu. Nilimweleza binti yangu hivyo kwa lugha yake, kwamba kuna mlango na tunajaza mlangoni watu wa kuguswa ili mtu wa maumivu akose nafasi, akaipenda, mpaka leo akijikwaa anasema "nimejaza mlango".

Ila kuna watoto hawataki kuchukuliwa akili. Mtoto wa dada yangu ni wa hivyo, ukimgeuza uso anapandwa na hofu, yeye anataka aone sindano inaingia na inatoka. Mwache atazame. Kumlazimisha ageuke kwa sababu wewe ndiye unayeogopa kutazama ni kumhamishia hofu yako.

Mdomo wako na uso wako

Hapa ndipo nilipopata tabu kubwa. Tukiona mtoto anaogopa tunamwaga "pole mama, pole, usijali, haina shida, usiogope, pole" mfululizo kama tasbihi, na tunadhani tunamtuliza. Kumbe mtoto anasikia kitu kingine: mama hasemi hivi tukiwa tunaenda dukani, kwa hiyo hapa kuna hatari. Wataalamu wa maumivu ya watoto wanasema kabisa kwamba kumbembeleza kwa wingi namna hiyo huwa kunaenda pamoja na kulia zaidi. Pole iwe moja, baadaye. Wakati wenyewe ongelea kitu kingine au mwongoze cha kufanya: "puliza... tena... kubwa zaidi."

Sauti iwe ya chini, mabega yako yashuke, pumua. Kama wewe mwenyewe unaogopa sindano mpaka unatetemeka, na wapo wazazi wengi tu wa hivyo, tuma baba yake, mjomba, mtu mwingine anayemzoea, hakuna ubaya. Na zile za "mwanaume halii" au "tazama mwenzako mdogo hajalia" ziache kabisa. Aibu haijawahi kupunguza maumivu, inamfundisha kuficha tu.

Kulia kuruhusiwe. Mwambie wazi, "unaweza kulia, kazi yako ni kuuacha mkono utulie tu." Kuna watoto wakishapewa ruhusa hiyo hawalii, na wengine wanalia kwa sauti ya kutosha jengo zima huku mkono umetulia kama jiwe, na wote wawili wamefaulu.

Wanaozimia

Hawa ni kundi lao, na mara nyingi ni wakubwa, wa miaka kumi kwenda juu. Wakiona sindano au damu mapigo ya moyo yanapanda kwanza kisha yanashuka ghafla pamoja na presha, wanaona giza, jasho baridi, puu chini. Sio uigizaji. Kwa hawa kumwambia alegee mwili mzima inaweza kuwa kosa, kwa sababu presha inazidi kushuka. Mtaalamu wa saikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, na wenzake walitengeneza zoezi la kukaza misuli: anakaza mapaja, tumbo na mkono usiochomwa kwa sekunde 10 mpaka 15 mpaka asikie uso unapata joto, anaachia sekunde 20 mpaka 30 arudi kawaida tu asilegee kabisa, anarudia mara tano hivi. Afanyie mazoezi nyumbani kila siku kwa wiki, siku hiyo aanze kabla ya kuchomwa, ila bega la sindano libaki limelegea. Na mwambie nesi mapema, achomwe akiwa amelala au ameegemea. Akizimia mlaze, inua miguu, usimsimamishe haraka.

Kutoa damu maabara

Ni ngumu kidogo kuliko chanjo kwa sababu inachukua muda na wakati mwingine mshipa unatafutwa. Mnyweshe maji ya kutosha, isipokuwa kama mmeambiwa asile wala kunywa, hapo uliza kama maji yanaruhusiwa. Mkono uwe wa joto, mikono baridi mishipa inajificha. Krimu ya ganzi paka mikono yote miwili ndani ya kiwiko. Na mkishajaribiwa mara mbili haijapatikana, una haki ya kuuliza kwa upole kama kuna mwenzake mzoefu wa watoto. Nilishawahi kukaa kimya mpaka mara ya nne, sitarudia.

Kama mtoto ana kisukari cha aina ya kwanza au ugonjwa mwingine unaotaka sindano kila siku, usisubiri azoee mwenyewe, waambie wanaomtibu kwamba hofu ipo. Kuna sindano za kalamu za insulini zenye urefu wa milimita 4 tu, na kuna njia za kumpa mtoto sehemu ya kazi mwenyewe, hata kama ni kubonyeza kitufe tu.

Imeisha, sasa fanya hivi

Sekunde ile ile sindano inatoka, mfiche shingoni, mpe muda, usianze kumwambia "unaona haikuuma?" Kama imemuuma umemwambia mwili wake unadanganya. Mwulize ilikuwaje, yeye ndiye mchunguzi. Wengi wanabaki kama dakika 15 kwenye eneo hilo baada ya chanjo kuangalia kama kuna mzio, tumia muda huo.

Msifie kwa kitu alichofanya hasa. "Uliuacha mkono ukaning'inia vile tulivyofanya mazoezi" ni bora mara mia kuliko "wewe shujaa". Zawadi ndogo sawa, lakini iwe kwa kutulia au kwa kupuliza, isiwe kwa kutolia, na isiwe kubwa mpaka yeye akajiuliza ni jambo gani la kutisha linalohitaji baiskeli.

Alafu jioni, hapa watu wanasahau, rudieni hadithi. Kumbukumbu ya mtoto inakua, kama ilikuwa sekunde tatu baada ya mwezi inaweza kuwa nusu saa. Mwulize atoe hadithi kwa baba yake au bibi kwa simu, na wewe uchomeke yale mazuri ya kweli: "na ulihesabu mpaka ngapi? Nne? Kumbe hata tano haikufika." Hiyo ndiyo atakayokwenda nayo safari ijayo.

Ikigoma kabisa

Kuna siku utafanya yote na bado atakuwa chini ya kitanda. Kama sio dharura, ondokeni. Sema "leo mwili wako haujawa tayari, tutarudi Ijumaa", taja siku, na mrudi kweli, maana mkiahirisha bila tarehe hofu inakomaa. Kama ni dharura basi ifanyike haraka na mtu mmoja mwenye sauti moja, na baadaye umweleze kwa nini ilibidi.

Hofu ikiwa kubwa mpaka anakataa matibabu, halali siku kadhaa kabla, anatapika, au ameshafika utineja na bado haijapungua, mtafute mwanasaikolojia wa watoto. Njia yao ni ya ngazi, anaanza kutazama picha ya sindano, kisha bomba halisi mezani, kisha kulishika, kisha kukaa kwenye kile chumba bila kuchomwa, hapandi ngazi inayofuata mpaka hii aliyopo imemchosha. Inachukua muda lakini kwa watoto wengi inafanya kazi vizuri.

Mimi sasa nina karatasi ndogo nimeibana ndani ya kadi yake ya chanjo, nampa nesi tukiingia kabla sijasema kitu. Imeandikwa: anahesabu mwenyewe, bega la kushoto, anapakatwa, atalia lakini hatasogea, tafadhali asiambiwe haiumi.